Idi Pili ya Baba na Idi Pili ya Watu

Nusura nisiolewe kwa sababu ya mwezi, na kadi za harusi niliziandika mwenyewe. Kwa hiyo sina wa kumlaumu, ila nitajaribu.

Tulipokaa na upande wa mume, wavuvi wa dagaa kutoka Mwamgongo, tulikubaliana ndoa ifungwe Idi pili. Tarehe hatukutaja, maana mwezi wa Idi nani anaujua kabla haujaandama? Mimi mwalimu wa shule ya msingi, tena mwandiko ninao, nikakaa siku mbili nikiandika: "Nikaha itafungwa Idi pili, baada ya swala ya Alasiri, nyumbani kwa bibi harusi, Ujiji." Nikajipongeza kwamba sijakosea hata nukta. Nilichosahau ni kwamba nyumbani kwetu tulikuwa na Idi yetu peke yetu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa Kasingirima, hapo hapo Ujiji, na tangu mwaka uliotangulia alikuwa ameacha kufuata mwezi wa mtaa. Alisema mwezi ni mmoja, ukionekana popote duniani basi umeonekana. Wenye msimamo huo wapo wengi nchini, lakini mtaani kwetu alikuwa yeye tu, na mtaa haukumwacha bila jina. Majirani walimwita mbishi, neno ambalo hata anayekupenda anaweza kukuita. Msikitini akapanda cheo, akawa mkaidi. Kwa kinyozi akaitwa mpinzani, ikabidi aanze kueleza watu kwamba hana kadi ya chama chochote. Walipofika kwenye mzushi akawajibu kwamba wazushi ni wao. Jamaa mmoja akamwita murtadi. Baba akamuuliza maana yake, jamaa akasema hajui vizuri, alilisikia tu redioni. Miaka yote niliyofundisha Kiswahili sikupata kuona kamusi inammalizikia mtu mmoja namna ile.

Na mimi nilikuwa na jina langu, ingawa hakuna aliyelisema: mnafiki. Nilikuwa nikimwitikia baba hewala, kisha nikienda kwa shangazi, aliyefuata mwezi wa mtaa, namwitikia hewala vilevile.

Basi Alhamisi ile baba akaamka akatangaza Idi. Mtaa mzima ulikuwa na funga ya thelathini. Akaoga, akavaa kanzu, akafunga duka lake kwa sababu ya sikukuu, na humo dukani zimo nguo za Idi za watu wote. Wateja wakaja kugonga mlango wa nyumba wakiwa na njaa na hasira. Shangazi, dada yake baba, aliyekuja kunisinga liwa ya harusi, akamwambia, "Kaka, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi!"

"Basi mimi nafaidi leo," baba akajibu. "Pilau iko wapi?"

Mama akaileta. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno. Aliweka sinia, akarudi jikoni. Mimi na baba tukanawa. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni nikasimamisha taya: chumvi hakuna kabisa, utadhani unatafuna wali wa mgonjwa. Lakini mwari hasemi. Nikameza. Baba naye akameza, akanitazama, akameza tena.

Hapo akapiga hodi mshenga wa upande wa mume, mzee wa Simbo anayeuza mawese, mpole kupita kiasi. Baba akamwambia, "Karibu chakula!" Mtu wa watu amefunga, ametoka Simbo na jua lote lile. Akasema amekaribia, akajivuta kwenye mkeka mbali na sinia.

"Wenzetu wa Mwamgongo wanauliza," akasema, "Jumamosi boti itie nanga saa ngapi?"

"Jumamosi ya nini? Ndoa ni kesho."

"Kesho ni Idi mosi, mzee mwenzangu."

"Yenu. Yangu ni leo. Kadi imesema Idi pili, na Idi pili ya nyumba hii ni kesho Ijumaa."

Jamani, kadi yangu mwenyewe! Mshenga akaeleza kwa upole kwamba Ijumaa watu wa Mwamgongo watakuwa kwenye swala na sikukuu yao, boti haitoki. Baba akasema yeye ndiye walii, ndiye anayeoza. Akikubali Jumamosi amekubali kwamba alikula mchana wa Ramadhani, na hilo hata wamchinje. "Asiyekuja kesho asije tena," akasema. Nikaanza kulia palepale, liwa usoni, pua inachuruzika, sina hata haya ya mshenga.

Baba hakunitazama. Kwa hasira akatia tonge jingine, na lile likamshinda. Akaita, "Mama watoto! Hivi pilau hii umeionja?"

Mama akatokea mlangoni, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Nitaionjaje na mimi nimefunga?"

Shangazi akasema, "Makubwa!" kisha akajiziba mdomo.

"Umefunga? Siku ya Idi?"

"Idi yako, baba watoto. Mimi mwezi sijauona."

"Na mwaka jana? Ile pilau ya chumvi ya kuua?"

"Mwaka jana vilevile nilikisia."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungebisha," mama akasema.

Mshenga akainamisha kichwa, mabega yanatikisika, maskini, anazuia kicheko. Baba akafungua mdomo kumpa mama jina. Niliona analitafuta. Mbishi? Mkaidi? Mpinzani? Yote alikuwa ameshaitwa yeye, na kila alipoitwa alituambia kwamba mtu akiamini jambo alishike hata akibaki peke yake. Mama alikuwa amelishika, jikoni, mwaka wa pili, bila kumgombeza mtu. Baba akafumba mdomo.

Kisha akamwambia mshenga, "Waambie waje Jumamosi. Siwezi kumwoza binti yangu na Idi pili ya mama yake haijafika."

Mshenga akaondoka mbio, baba asije akageuza neno. Baba akaomba chumvi, akala pilau yake yote. Baada ya hapo hakugusa kitu tena, hata maji, na mimi nilidhani amenuna. Lakini jua lilipozama nilimkuta jamvini pamoja na mama, bakuli mbili za uji mbele yao, wote wawili wanasubiri adhana. Ilipoadhiniwa alimsogezea mama tende, akangoja aanze yeye. Mama alikula, akanywa uji, kisha, thelathini yake ikiwa imetimia, akamtakia Idi njema. Na baba, mbele yangu na mbele ya shangazi, akaitikia.