Gari Halitoki Mpaka Amjad Afungwe

Khairiya alipotangaza kwamba anakwenda kujifunza kuendesha gari, Mkomani nzima ilicheka. Huo ni mtaa wa Amu, yaani mji wa Lamu, wenye vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana na mizigo, mmoja hurudi kinyumenyume.

"Gari utaliweka wapi, mwanangu? Ukumbini?" aliuliza ami yake, Bwana Taha, na waliokuwa barazani wakaangua kicheko.

Khairiya hakucheka nao. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na shule zilizompa kazi nyingi zilikuwa ng'ambo, barani: Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu. Kwa miaka alibembeleza madereva wa watu wampakilie marobota yake, na kwa miaka walimwacha juani. Akachoka. Akaenda Malindi akasomea udereva, akarudi na leseni, akanunua Probox kuukuu na kuiweka Mokowe karibu na gati, kwa maana hapo ndipo barabara inapoanzia. Kila asubuhi ya kazi alivuka kwa boti, akalikung'uta vumbi gari lake, akaondoka.

Mumewe, Shekhan, alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, akija nyumbani mara moja moja. Kwa hiyo mtoto wao Amjad alipokuwa mkubwa wa kutembea, alianza kusafiri na mama yake. Siku moja, kabla ya kufika Hindi, ng'ombe waliingia barabarani kwa ghafla. Khairiya akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Amjad alikuwa amepakatwa na mama mmoja aliyeomba lifti. Akamchopoka mikononi, akagonga paji la uso kwenye dashibodi. Damu ilijaa leso nzima. Akashonwa, akapona, na kovu likabaki juu ya jicho.

Jioni hiyo Khairiya alimpigia simu mumewe. "Nataka kiti cha mtoto cha gari, chenye mikanda yake. Usinambie habari nyingine."

Shekhan alikitafuta kwenye mitumba ya Mombasa, akakipakia kwenye basi la Lamu. Kilifika kizima, ila hakikuja na karatasi ya maelezo. Khairiya alikifunga kwenye siti ya nyuma kama alivyoweza, akamketisha Amjad, akapitisha mikanda mabegani na katikati ya miguu, akasikia kifungio kikilia ka! Akashukuru Mungu.

Shukrani hizo hazikufika mbali. Amjad alikuwa na miaka miwili na ushei, na hajapata kukutana na kitu kinachomwambia tulia akakitii. Aliinua bega moja, akaingiza kiwiko chini ya mkanda, akachomoa mkono. Kisha wa pili. Kisha akakaza mgongo, akateleza kama samaki mkunga anavyotoka kwenye wavu, akasimama nyuma ya mama yake akimpigapiga kichwani. Khairiya alisimamisha gari, akamfunga upya. Wakifika mbele kidogo, yuko nje tena.

Basi ikaja harusi ya Wafaa huko Witu.

Wafaa alikuwa binti wa ndugu yake Bwana Taha aliyehamia Witu na kufariki huko. Hakuwa na kaka, hivyo walii wa kumwozesha alikuwa Bwana Taha. Nikaha ilipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Khairiya ndiye aliyepewa kazi ya kumfikisha ami yake, pamoja na mama yake mwenyewe, Bi Rawiya.

Walivuka asubuhi wamepambika. Bwana Taha alivaa joho na kilemba, Bi Rawiya alinukia udi toka mbali, na Amjad alikuwa amevishwa na bibi yake kanzu mpya na kikoti chenye tarizi. Pale Mokowe Khairiya alijaribu kumfunga, akaona tabu: mkanda wa katikati ya miguu haupiti, kanzu imeuzuia. Akaikunja kanzu juu, akafunga juu ya kikoti hivyo hivyo. Bwana Taha alikuwa keshaketi mbele, akitazama saa.

Walipopita Hindi, Amjad alitoka. Khairiya akasimama, akamfunga. Wakaenda. Akatoka tena, safari hii akiimba. Khairiya akasimama, akamfunga. Wakaenda tena mwendo mzuri, mpaka ikawa Witu haiko mbali.

"Khairiya," Bi Rawiya akaita kutoka nyuma kwa sauti ya chini. "Mwana kesha kutoka."

Khairiya aliliweka gari kando ya barabara, akazima injini, akachomoa ufunguo.

"Mpakateni, twende zetu!" Bwana Taha akasema. "Ndia bado iko mbele yetu, na nikaha haimngoji mtu."

"Hapakatwi, Ami. Alipakatwa akapasuka uso."

"Mimi ndimi walii. Watu wako msikitini wananingoja mimi."

"Najua, Ami."

"Basi washa gari."

"Siwashi."

Nzi mmoja alizunguka kwenye kioo. Hakuna mtu katika ukoo ule aliyepata kumwambia Bwana Taha neno kama lile, wala mwanamume, seuze mwanamke.

"Sisi tulikua bila ya minyororo hii," akasema polepole, "na tu hai."

"Mlikua Amu pasipo na gari, Ami. Punda haendi mbio hizi."

"Nimekulea mimi, Khairiya. Baba yako alipokufa, nani alikusomesha?"

"Wewe, Ami, na Mungu akulipe kheri. Lakini huyu namlea mimi. Gari halitoki mpaka afungwe akafungika."

Akautia ufunguo ndani ya buibui.

Bwana Taha alifungua mlango, akashuka. Alisimama juani, joho lake likipepea, mpaka pikipiki ya abiria ikatokea upande wa Hindi. Akaipungia mkono. Bi Rawiya alitoa kichwa dirishani: "Shemegi, kwa hisani yako, utachafuka!" Mzee alikunja joho mapajani, akapanda nyuma ya kijana wa pikipiki, wakatoweka kwa vumbi.

"Umetuaibisha," Bi Rawiya akasema.

"Labda, Mama."

Khairiya alikwenda mlango wa nyuma, akachuchumaa mbele ya mwanawe. Sasa hapakuwa na wa kumharakisha. Akamfunga kama kawaida, kisha akamwambia, "Haya, toka nikuone."

Amjad alifurahi kuonyesha ufundi wake. Inua bega, ingiza kiwiko, vuta. Mara hii Khairiya hakumtazama uso, alitazama mikanda. Akaona kwamba inatokea kwenye matundu ya mgongo wa kiti yaliyo chini kabisa ya mabega ya mtoto. Kiti kilikuwa kimepangwa kwa mtoto mchanga, na tangu kifike hakuna aliyekigusa kwa nyuma. Akaona pia kwamba ule unene wa kikoti ndio uliomdanganya: mkanda ulionekana umebana, kumbe umebana kitambaa. Mshonaji akajicheka: mwili haupimwi juu ya kikoti kinene.

Akakigeuza kiti, akazichomoa ncha za mikanda kwa nyuma, akazipandisha kwenye matundu ya juu, juu kidogo ya mabega. Kisha akamvua Amjad kikoti, akamvua na kanzu.

"Mwana aende harusini na fulana?" Bi Rawiya akashtuka.

"Atavaa tukifika."

Akapitisha mkanda wa katikati ya miguu, safari hii ukakaa mahali pake. Akafunga, akavuta utepe wa kukazia, akajaribu kuufinya mkanda wa begani kwa vidole, asipate hata mkunjo. Akakisogeza kibanio cha kifuani hadi usawa wa makwapa. Amjad aliinua bega. Kiwiko hakikupita. Akajaribu upande wa pili. Ndipo akapiga ukelele uliowarusha ndege vichakani.

"Lia, baba," Khairiya akamwambia. "Kilio hakivunji mfupa."

Bi Rawiya alimtazama mjukuu wake, akalitazama lile kovu juu ya jicho. Kisha akanyoosha mkono. "Huu utepe uliobaki unaning'inia. Nipe niuchomeke huku, asiuchezee."

Walipofika Witu, Amjad alikuwa amelala fofofo na nikaha ilikuwa imekwisha. Bwana Taha aliwahi, kwa shida, kilemba chekundu kwa vumbi, na kila mgeni alikuwa keshaisikia habari yake. Ukumbini kwa wanawake, mmoja alisema kwa sauti ili asikike: "Kuna watu huuza nikaha kwa mkanda."

Khairiya alikuwa akimvika Amjad kanzu. Hakuinua hata macho. "Nikaha imefungwa, na mwanangu yu mzima. Nani aliyekula hasara?"

Wafaa, aliyeketi kitini kwa mikono iliyojaa hina, alificha kicheko nyuma ya shela.

Msidhani Amjad alishindwa siku ile. Wiki zilizofuata alijaribu kila hila, na kila kiwiko kilipoanza kupanda, Khairiya aliweka gari kando, akazima, akakaa kimya kama mtu anayengoja mvua ipite. Hakugomba wala hakubembeleza. Sare zilichelewa, walimu wakuu walinung'unika, naye akawaambia wanung'unike. Mkono ukirudi chini, injini inawaka. Akampa na futi yake ya kupimia nguo aichezee, mikono ipate kazi. Mwisho mtoto akaelewa jambo moja, kwamba kwa mama huyu gari na mkanda ni kitu kimoja. Viwiko vikatulia.

Barazani wakampa jina: Khairiya Mikanda. Wakimwita, aliitika.

Bi Rawiya sasa husafiri naye akitaka kwenda Mpeketoni kununua nafaka, na humfunga mjukuu wake mwenyewe, vikoti vyote amekwisha viondoa. Bwana Taha hajakubali mpaka leo. Juzi walishuka boti moja pale Mokowe. Khairiya alimwamkia kwa adabu, akambusu mkono, akamwuliza aendako. Mzee akasema anakwenda Hindi.

"Nafasi iko mbele, Ami. Na mkanda uko."

"Gari la minyororo hilo," mzee akasema, akaelekea kituo cha basi na bakora yake.

"Safari njema, Ami," Khairiya akamwambia. Akamketisha Amjad, akafunga, akafinya mkanda begani, akaenda zake.