Glavu za Soko la Samaki

Siku yangu ya kwanza kama msimamizi wa usafi katika soko dogo la samaki, hapa Makiso, nilikubali kuondoa ndoo za kunawia mikono. Nilipaswa kukataa.

Mkuu wa huduma ya usafi, bosi wangu, alisimama penye matope, ameinua suruali isilowe. "Bon, Selemani, wageni wanakuja. Hii mandoo inachafua soko. Toa yote, ugawie bamama magants. Mutu mwenye kuvaa gants atanawa ya nini?"

"Ndiyo, Chef," nikajibu, nikaanza kugawa glavu. Cheo kilikuwa bado kitamu.

Nilijua ukweli. Kabla ya hapo nilifanya kazi Bengamisa, chini ya muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Alitufundisha kwamba glavu ni ya kazi moja: unanawa, unaivaa, unaitupa, unanawa tena. "Mukono ikishika utelezi ya samaki, inakusumbua mpaka unawe," alisema. "Mwenye gants hasikie kitu. Anachafua vyote, anajiona safi."

Dada yangu Zaina aliuza liboke, samaki wa kuokwa ndani ya majani. Alipovaa glavu alinipungia mkono. "Kaka, angalia! Leo niko docteur!" Wenzake wakacheka. Kwa glavu hizohizo alitumbua samaki, akapokea pesa, akajikuna shingo, akafunga liboke. Jioni alizisuuza kwenye beseni na kuzianika kwenye kamba, kama soksi. Wote walifanya hivyo. Niliona, nikaenda zangu nyumbani.

Siku chache baadaye Zaina hakutania. "Kaka, saa ya kula tunavua magants, mikono inanuka, maji ya kunawa hakuna. Turudishie hata ndoo moja."

"Ngoja wageni wapite."

Wageni walikuja, wakapiga picha za glavu, wakaondoka. Mkuu alinipongeza. Nami sikurudisha ndoo, kwa sababu hakuna aliyeniagiza.

Kisha kuhara kukaingia sokoni. Zaina alibebwa kwa pikipiki hadi kituo cha afya, hana nguvu hata ya kushika mgongo wa dereva. Mimi nilikaa nyuma nikimshikilia. Muuguzi wa pale aliniambia hakuna awezaye kujua ugonjwa ulimpata kupitia mkono gani. Sijifichi nyuma ya maneno hayo.

Sasa nimestaafu. Kila asubuhi napeleka sokoni ndoo yenye bomba na sabuni. Vijana wa usafi hunitania kama mjomba wao: "Tonton, tuko na gants, pumzika!" Nawajibu, "Vua, unawe, tutaongea kisha." Wananawa, maana sitoki mbele yao. Nitaendelea hivyo mpaka miguu ikatae.

Lakini ninyi mnaoanza kazi, mjue hesabu yangu. Kwa "ndiyo" ile nilibaki na cheo. Zaina, dada yangu wa pekee, alikufa, na wanawe hawajakanyaga nyumbani kwangu tangu tulipomzika.