Kisigino cha Fundi Makochi

Watu walimwita Sindano, na jina lilimkaa pande zote mbili. Alikuwa fundi makochi, mwanamke wa kushinda na sindano ndefu iliyopinda, akishona vitambaa juu ya mbao na sponji. Halafu alikuwa mwembamba, mwembamba kweli, kiasi kwamba upepo ukianza kuvuma mafundi wenzake humwambia ashike nguzo. Wembamba huo alijivunia. Mteja mnene akipanda ngazi huku anahema, Sindano hucheka chinichini. "Mafuta hayo," husema. "Sisi wengine yametupita mbali."

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha: vifo vya wanaume wa kwao. Baba yake alianguka getini kwenye kiwanda cha mbao alikofanya kazi, na hakuinuka tena. Hata nywele zilikuwa hazijaanza mvi. Miaka ikapita, kaka yake mkubwa, fundi umeme, naye akabanwa na kifua asubuhi akipiga mswaki. Gari lilipopatikana, mwenyewe alishakata roho.

Mama yao alikataa kabisa kuamini kwamba hayo yametokea hivihivi. "Wanaume wawili, kifua kilekile, nyumba ileile! Huo ni mkono wa mtu." Na mtu mwenyewe alimjua: Shangazi, dada wa marehemu baba yao, mwanamke wa mdomo mkali aliyewahi kukorofishana na marehemu wote wawili. Siku ya kumzika kaka, mama alimkabili Shangazi mbele ya waombolezaji wote. "Umewamaliza," alimwambia. "Umebakisha nani sasa?" Shangazi alikusanya mtandio wake, akatoka. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyekanyaga kwake.

Sasa, kulikuwa na kliniki moja mjini iliyotaka viti vya chumba cha kusubiria wagonjwa vivishwe upya. Sindano akapewa kazi. Alivua ndara kama kawaida yake, akapiga magoti sakafuni, nyayo zikitazama mlangoni, mdomo umejaa misumari midogo. Daktari wa pale, mwanamke wa makamo aliyetembea polepole kana kwamba sakafu imelowa, alipita mara ya kwanza. Akapita tena. Mara ya tatu akasimama.

"Fundi, samahani. Hivyo vinundu nyuma ya visigino vyako vimeanza lini?"

Sindano alitema misumari kiganjani. "Ni viatu tu, daktari. Na mimi nimeitwa kutengeneza viti, sikuja kutengenezwa."

"Najua. Hebu nione."

Daktari alichuchumaa palepale, akaushika ule ukano mnene unaopanda kutoka kisiginoni kwenda kwenye shavu la mguu, akauminya taratibu kama mtu anayepima embe sokoni. Kisha akamtazama usoni, akagusa kope. Kwenye pembe ya jicho kulikuwa na kidoa cha manjano ambacho Sindano alikuwa akikipaka poda.

"Kesho njoo kabla hujala kitu. Nataka kupima mafuta kwenye damu yako."

Sindano alicheka mpaka akashika kiti. "Mafuta? Mimi? Daktari, umekosea mlango."

Hata hivyo alikwenda, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha na angekwenda pale vyovyote vile. Majibu yalipotoka, daktari alimketisha kwenye kiti alichokivisha yeye mwenyewe.

"Sikiliza, fundi. Damu ni maji, na mafuta hayachanganyiki na maji. Kwa hiyo mwili huyafunga kwenye vifurushi vidogo vidogo. Viko vinavyoyasambaza, na viko vinavyoyakusanya na kuyarudisha kwenye ini. Vile vya kusambaza vikishamaliza safari, ini huvipokea na kuviondoa njiani. Ini lako milango yake ya kuvipokea ni michache. Umezaliwa hivyo. Basi vinabaki vinazungukazunguka mwaka hadi mwaka, na mafuta yake yananata kwenye kuta za mishipa ya moyo. Mengine ndiyo hayo yamejikusanya kisiginoni."

"Na wembamba wangu huu?"

"Ini halikuangalii kiuno," alisema daktari. "Kwenu kuna mtu aliyewahi kufa ghafla, angali kijana?"

Sindano alitazama visigino vyake. Mbele ya macho yake alimwona baba yake kibarazani na kisu cha kukatia ngozi, akipasua nyuma ya viatu vipya. Kila viatu alivyonunua alivipasua nyuma, kwa kuwa vilimkereketa kwenye vinundu. Wao watoto waliviita viatu vyenye madirisha.

"Baba alikuwa navyo," alisema kwa sauti ndogo. "Hivi hivi. Na kaka."

"Basi hii imetoka kwa baba. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuichukua. Waite wote waliobaki. Dawa ipo, fundi. Kidonge kila siku, na chakula tutaangalia pamoja. Baba yako hakupata mtu wa kumtazama kisigino. Wewe umepata."

Jioni ile Sindano alimsimulia mama yake. Mama alikuwa akichambua mchele, na hakuinua macho. "Mafuta ndiyo yamewaua? Baba yako hakuwa na nyama hata ya kumshika mbu."

"Ndivyo hasa, mama. Ni ya kuzaliwa nayo. Upande wa baba."

Mama alilidaka neno hilo hapohapo. "Si nilisema! Kwamba imetoka upande wao!"

Sindano hakujua acheke au alie.

Mtu aliyemtia wasiwasi zaidi alikuwa mdogo wake wa mwisho, waliyemwita Kitinda, mshirika wake wa kazi na mbebaji wa makochi. Siku za karibuni, kila wakipandisha kochi ghorofani, Kitinda alisimama katikati ya ngazi na kuinama, eti anafunga kamba za viatu. Sindano alipoanza kukumbuka vizuri, akashtuka: viatu vyenyewe vilikuwa vya kuchomeka mguu tu, havina kamba.

"Kifua kinakubana, sivyo?" alimuuliza karakanani.

Kitinda aligeukia ukutani. "Kidogo. Kikipumzishwa kinaachia. Usimwambie mama, dada. Ataanza mambo ya Shangazi tena."

Sindano hakubishana naye. Alimshika mkono kama mtoto, akampeleka kliniki, na kutoka kliniki wakaandikiwa hospitali kubwa. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umebaki na uwazi kama tundu la sindano. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kutokea mkononi, wakautanua mshipa, wakaacha humo kijichuma cha kuushikilia. Kitinda alitoka wodini akilalamika kuhusu uji wa hospitali, na Sindano hakuwahi kusikia malalamiko matamu kama yale.

Ndipo alipokwenda kwa Shangazi, peke yake, bila kuaga.

Shangazi alifungua mlango nusu. "Umetumwa kuniambia nimemroga hata Kitinda?"

"Nimekuja kukuangalia mikono, shangazi."

Bibi yule alishangaa hata akasahau kufunga mlango. Sindano alivishika vidole vyake. Juu ya vifundo kulikuwa na vinundu vigumu kama punje za mahindi.

"Baridi yabisi hiyo," alisema Shangazi.

"Hapana. Ni ileile ya baba, ya kaka, yangu mimi na ya Kitinda. Wewe hukuwaua, shangazi. Wewe ni mgonjwa mwenzao, ila umenusurika kwa kudra."

Shangazi aliketi kizingitini. Alilia kwa muda mrefu, kilio cha mtu aliyekuwa peke yake na neno baya miaka mingi. Alipomaliza, alijifuta na kuuliza, "Hicho kipimo kinauma?"

Damu yake ilipopimwa, ilisema yaleyale. Sindano alimpeleka pia binti yake mwenyewe aliyekuwa shule ya msingi, naye akakutwa ameirithi. Usiku huo Sindano hakula. Lakini daktari alimwambia waziwazi: "Huyu ndiye mwenye bahati kuliko ninyi nyote. Mishipa yake bado misafi. Tukianza naye sasa, atakuja kuzeeka akikusumbua." Na binti mwenyewe alichouliza ni kama ataruhusiwa kuendelea kukimbia mbio za shule. Ataruhusiwa, tena akimbie sana.

Mama alichukua muda. Siku kadhaa alizunguka nyumba, akishika hiki na kuacha kile. Kisha asubuhi moja alivaa nguo nzuri, akamwambia Sindano ampeleke. Walipofika, Shangazi alikuwa akifagia uani.

"Wifi," mama alisema. "Wifi, nilikutukana mbele ya watu, tena siku ya msiba."

"Ulinitukana sana," Shangazi alijibu, akiegemea fagio.

"Nisamehe."

Shangazi akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma mbele yake. "Kaa. Umekonda. Na wewe umepimwa?"

"Mimi sio wa damu yenu," alisema mama, akikaa.

"Hata kama! Kesho tunakwenda wote. Na usile kitu asubuhi, maana nakujua."

Mama akaanza kujitetea, Shangazi akamkatiza, wakaingia kwenye ubishi wa nani alikuwa mlafi zaidi walipokuwa wasichana. Sindano aliliokota fagio lililoanguka, akaendelea kufagia uwanja taratibu, asije akawakatisha.