Utenzi Uliojaza Kompyuta

Kompyuta yetu ya kwanza ilifika Likoni ikiwa imeviringishwa taulo la hoteli. Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa karani wa hesabu katika hoteli moja ya Shanzu. Hoteli ilipoletewa mashine mpya, wafanyakazi waliambiwa wachukue watakacho katika vitu vya zamani. Wenzake waligombania viti na mapazia. Yeye akavuka feri na kompyuta kaikumbatia kifuani, na nyuma yake mkokoteni umebeba printa na boksi la karatasi zenye matundu pembeni.

Nilipiga vigelegele kabla haijachomekwa kwenye stima. Nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili mjini, vidole vinaniwasha, na nyumbani hakukuwa na hata taipureta. Sasa nina kompyuta! Katika mtaa wetu wa Likoni miaka ile ya tisini, nyumba yenye simu ilikuwa ya kuonyeshana kwa kidole, seuze yenye kompyuta. Majirani walikuja kuitazama kama wanaokuja kumwona mzazi. Mama aliifukiza udi, akaitandikia kitambaa alichokifuma mwenyewe, kisha akaketi mbele yake na kuniita.

"Abee, mama."

"Yaweza kuandika utenzi?"

"Yaweza kuandika chochote," nikajibu, na nilivyokuwa na majivuno siku hizo, nikaongeza kwamba ingeandika utenzi wake na tenzi za wenzake wote, na bado nafasi ibaki.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameposwa, na harusi ilikuwa mara baada ya Idi. Mchumba wake alikuwa mtu wa Unguja, na Unguja ndiko alikokuwa akienda kuishi. Mama hakulia wala hakulalamika. Alitunga. Alitunga akikuna nazi, alitunga akingoja maji bombani, na yote akayaweka kichwani mwake bila kuandika hata neno. Ulikuwa utenzi wa maisha ya dada tangu kuzaliwa: alivyokuwa mlizi, halali usiku kwa kulia, alivyoanguka kisimani akatolewa na kamba ya ng'ombe, alivyokataa kula samaki mpaka adanganywe kuwa ni kuku. Siku ya kupamba, wanawake watakapokusanyika kumtazama bibi harusi, mama angeuimba mwenyewe. Kisha karatasi zake zingetiwa katika sanduku la dada ziende naye, ili huko ugenini awe na maneno ya mama wakati mama mwenyewe hayupo.

Angeweza kuuandika kwa mkono wake. Alikuwa na hati nzuri ya herufi za Kiarabu, ile waliyofundishwa wasichana wa zamani kuandikia Kiswahili. Lakini dada na mimi Kiswahili tulikisoma shuleni kwa herufi za Kizungu, na mama alijua kwamba karatasi asiyoweza kuisoma mwenyewe, dada angeishia kuifungia bizari. Ndiyo maana alinihitaji mimi, na mimi niliihitaji mashine.

Tukaanza. Yeye juu ya kiti cha kamba, macho kayafumba, mimi mbele ya kioo cheusi chenye maandishi ya kijani. Ubeti wa kwanza bado ninao:

Ulizaliwa masika,
na makuti yamechoka,
sinia nikafunika
usiloe, mwana wangu.

Nilikuwa nikicheka na kuandika, nikilia na kuandika. Vitu vingine sikuvijua kabisa, kama hilo la sinia, kwamba mama alimfunika mtoto mchanga kwa sinia la pilau kwa sababu paa lilikuwa likivuja. Kila alasiri tulisonga mbele, na dada, ambaye hakutakiwa kusikia, alitumwa kwa shangazi na visingizio vya kila aina.

Basi siku moja, mama akiwa katikati ya habari za kisimani, kompyuta ikalia. Mlio mmoja mkali, kisha Kiingereza kikatokea chini ya kioo, maana yake: memori haitoshi. Nikabonyeza herufi, haikuandikika. Nikabonyeza nyingine. Nikabonyeza zote. Nikaizima na kuiwasha, na beti za alasiri nzima zikawa zimepotea.

"Mama," nikasema, "imesahau."

Mama akafumbua macho. "Imesahau nini?"

"Yote ya leo."

Aliitazama ile mashine kwa huruma hasa. "Mimi sikwenda kwenye shule yao na yote yamo. Hiki kitwa gani kisichoweka neno?" Kisha akafumba macho akazirudia beti zote bila kuangusha silabi. Nami nikaandika mbio, na pale pale kisimani, mlio! Memori haitoshi.

Nilishikwa na hasira za ajabu. Nikaingia katika diski na kufuta kila nilichokikuta cha hoteli: hesabu za mashuka, menyu za Krismasi, na mchezo mmoja wa karata nilioupenda sana. Nikajaribu tena, nikiwa na uhakika kwamba sasa nimefagia uwanja wote. Mlio. Mama naye akatoa dawa yake, akakivua kile kitambaa cha kufuma, akailetea feni, akasema labda ni joto. Mashine ikapulizwa upepo mpaka karatasi zikaruka chumba kizima, na kisimani hatukupita.

Mjomba alipokuja Jumapili, nikamrukia hata shikamoo sijaitoa vizuri. Alinisikiliza, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Diski ni ghala," akasema. "Memori ni sinia la kuchambulia mchele. Ghala lako waweza kulifagia mpaka ling'are, lakini sinia ni lile lile. Hii programu inataka kuuweka utenzi wote kwenye sinia kwa pamoja, na sinia la mashine hii ni dogo. Ukate vipande, kila kipande faili lake."

Nilitaka kumbusu. Nikamgeukia mama, naye uso umembadilika.

"Utenzi wangu si muhogo," akasema.

"Mama, ni kwenye kompyuta tu."

"Nimeuanza kwa bismillahi na nitaufunga kwa dua. Ndani yake mna maisha ya mtoto. Nyinyi mwaniambia niyakate, tena kwa kisimani, wiki za harusi? Wallahi sikati. Nitie ndege mbaya nyumbani mwangu kwa ajili ya sinia la watu wa hoteli?"

Mjomba akanitazama, nami nikamtazama. Mama tulimjua wote wawili. Akainywa kahawa yake, akasema inshallah litapatikana la kufanya, akaondoka.

Siku zikapita, Ramadhani ikaingia, na utenzi ukawa umekwama na dada yumo kisimani. Nilikuwa naogopa kwelikweli. Mama aliacha kuniita alasiri. Alianza kusema kwamba labda si lazima, kwamba dada akitaka maneno atampigia simu jirani, na aliyasema huku akigeukia ukuta. Nikaona kwamba ile karatasi alikuwa anaitaka kuliko vyombo vyote tulivyokuwa tumemnunulia dada.

Kisha jirani yetu akafiwa na babake, tukaenda hitimani kumsomea marehemu. Tuliketi mikekani wanawake watupu, na likapitishwa lile boksi la juzuu thelathini za Kurani. Kila mmoja akatia mkono na kutoa kijitabu chake, mimi changu, mama chake, shangazi chake, na chumba kizima kikaanza kuvuma, kila mtu na sehemu yake. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu utotoni bila kufikiri. Siku hiyo nikainua macho katikati ya kusoma. Niliyaangalia mapaja ya wale wanawake wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepakata msahafu mzima. Kila mmoja alikuwa na juzuu moja, na kabla ya magharibi Kurani yote ingekuwa imesomwa, na asingetokea mtu wa kusema imekatwa!

Nilidhani nitasimama nipige kelele katika nyumba ya msiba. Nikamfinya mama.

"Mama, juzuu!"

"Soma yako," akaninong'oneza kwa ukali.

Nilisoma yangu kwa kasi nisiyoisema. Dua ilipokwisha, hatujafika hata kwenye kona ya nyumba yetu, nikamwaga yote: faili la kwanza juzuu ya kwanza, la pili ya pili, na utenzi unabaki mmoja. Mama aliendelea kutembea, buibui kalishika kwa meno. Nikajua nimemkosea.

"Usifananishe maneno yangu na ya Mwenyezi Mungu," akasema mwishowe.

"Astaghafirullahi. Sifananishi, mama."

"Lakini njia ni njia." Akasimama. "Kila juzuu ianze na bismillahi yake na iishe na dua yake. Na kisima kiwe juzuu moja, mtoto aingie na atoke humo humo. Simlazi kisimani."

Nikaruka barabarani, mtu mzima mimi, nimefunga na njaa inauma. Mama alikuwa ananiambia nina wazimu na huku anacheka. Usiku ule ule baada ya tarawehe alikuwa keshaugawa utenzi wake akilini. Mashine ikameza juzuu ya kwanza bila mlio, ikameza na ya kisima, na dada akatolewa kwa kamba ya ng'ombe mzima wa afya. Zilitimia saba. Printa ilipoanza kuzitoa, kwa ule mlio wake wa kuchana vitambaa, mama alikuwa amesimama kando akizipokea kwa mikono miwili. Wino ulikuwa umebakia wa nakala moja tu, na herufi za mwisho zilitoka kijivu.

Siku ya kupamba ua wetu ulifunikwa turubai, asumini zikanukia mpaka barabarani. Dada aliketi juu ya kiti chake kilichopambwa, macho chini, mkimya kama anavyotakiwa bibi harusi awe. Mama akasimama mbele yake, nami nyuma yake na karatasi mkononi, ambazo hakuzihitaji. Akaanza kwa sauti nzuri. Masika, makuti, sinia. Alipofika "mwana wangu", sauti ikakatika.

Tulingoja. Akajaribu tena, na pale pale ikakatika. Akajifunika uso kwa leso, na mabega yakawa yanatikisika. Dada naye, pale kitini, machozi yalikuwa yanamshuka na wanja na hawezi kuinua mkono. Nilihisi utenzi wote, miezi yote ile ya nazi na maji ya bomba, unapotea mbele yangu, na safari hii hakuna wa kuurudia.

Sikufikiri. Nilizigawa zile karatasi kama zigawiwavyo juzuu hitimani, moja kwa huyu, moja kwa yule, mkono ulipofika. Jirani aliyepewa ya kwanza akaelewa papo hapo, akasimama akaanza kuiimba kwa mahadhi yale yale ya mama. Alipomaliza akadaka wa pili. Kisima kilimwangukia mke wa mjomba, akakiimba kwa vituko, wanawake wakavunjika kwa vicheko na vigelegele. Mama aliteremsha leso. Alikuwa ameketi sakafuni sasa, mikono mapajani, anasikiliza maneno yake yakitoka vinywani mwa wenzake, na uso wake ulikuwa uking'aa.

Juzuu ya mwisho nilikuwa nimempa shangazi. Shangazi alikuwa mshika juzuu wa kila hitima ya Likoni, hapana aliyesoma upesi kumshinda, kwa hiyo mkono wangu ulimwendea wenyewe. Akaitazama karatasi. Akaigeuza juu chini. Akaisogeza kwenye taa.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "hizi herufi zako mimi sizijui."

Kicheko kilichotoka pale hakijawahi kutoka Likoni. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa mama. Akanyanyuka huku akicheka, akamsogelea dada, akashika vidole vyake vyenye hina, na juzuu ya mwisho akamwimbia yeye kwa kichwa, karibu na sikio, mpaka kwenye dua. Sauti haikukatika tena. Shangazi akaikunja karatasi ile akaitia kifuani, na licha ya kuombwa sana, hakuitoa; alisema juzuu aliyopewa ni yake.

Kwa hiyo sanduku la dada lilikwenda Unguja na juzuu sita. Kompyuta nayo haikumaliza mwaka. Hewa ya chumvi iliila, nami sikupata kupiga chapa nakala nyingine ya ile ya saba.

Mwaka mama alipotutoka, dada alinipigia simu. Zilikuwa juzuu zote mikononi mwake, akasema, isipokuwa ile ya mwisho, na shangazi naye hayuko wa kuulizwa. Je, mimi sina mahali nilipoiweka? Nikamwambia sina. Nikamwambia ile aliimbiwa yeye peke yake, mimi niliiandika mbio tu na haikunikaa kichwani, na siku ile nilikuwa nyuma, vigelegele vilinizidi, sikusikia vizuri.

"Wewe je," nikamuuliza, "huikumbuki?"

Nikamsikia akivuta pumzi, akaanza na bismillahi.