Nilimwambia Mwanangu Timu Imemwacha

Asalaam aleikum nyote. Nimemwomba mwenye ukurasa asitaje jina langu, maana Maskati ni ndogo na sisi wenye asili ya Unguja tunajuana. Nna miaka thalathini na tisa, ni karani wa zahanati, nakaa mtaa wa Al Khoudh hapa Maskati na binti yangu wa miaka kumi na mbili. Wawili tu. Mume wangu alifariki kwa maradhi ya moyo miaka mitatu iliyopita, na ndugu zangu wote wako Unguja.

Baada ya msiba mtoto alinyamaza. Akirudi skuli anakula, anaingia chumbani, basi. Mwalimu wake akanishauri nimpeleke kwenye timu ya wasichana ya ushangiliaji. Si kushangilia mpira, ni mashindano yenyewe: wanapiga samasoti, wanarushana juu na kudakana kwa muziki. Siku ya kwanza aliporushwa nilimsikia akicheka kwa sauti. Nilitoka nikenda kulia garini.

Mwanzo ada ilikuwa ya kubebeka. Halafu ikaja nguo ya mashindano iliyoshonewa vijiwe vya kumeta, na kila msimu nguo mpya. Viatu. Kocha wa kutoka nje. Safari. Grupu la wazazi likilia kwenye simu, najua ni malipo mengine. Wenzangu wanajibu kwa dole gumba, mimi naigeuza simu kifudifudi. Nikauza bangili zangu za harusi, mtoto akenda Dubai na timu kushindana. Safari ya watu wawili sikuiweza, nikamwambia kazini wamenikatalia ruhusa.

Niliwatazama kwenye simu, nimekaa jikoni. Wakashika nafasi ya pili. Kila mtoto akamkimbilia mamake. Wangu akasimama, akaangaza huku na huku, mwisho akaenda kumkumbatia mama wa mwenzake, nimwite Bi Thuraya. Nilimshukuru Mungu kuwa kapata wa kumkumbatia, na papo hapo nikatamani simu izimike.

Msimu huu ada imepanda tena, na timu inakwenda Uturuki. Sina tena cha kuuza. Niliona aibu kumwambia mwanangu sina, nikamwambia uwongo: "Kocha kasema mwaka huu hukuchaguliwa."

Akauliza, "Nimekosea nini?"

Nikamjibu sijui. Wallahi, hilo "sijui" ndilo linaloniuma mpaka leo. Siku nne alikuwa akila tonge mbili tatu, kisha anajifungia.

Ijumaa iliyopita Bi Thuraya akaja kututazama. Mtoto alikuwa anaingia na sinia la kahawa Bi Thuraya aliposema, "Mwenzangu, kocha anauliza kwa nini umemtoa mtoto. Nafasi yake ipo, yeye ndiye wanayemrusha juu kabisa."

Mwanangu aliliweka sinia mezani taratibu, akanitazama.

Bi Thuraya ni mtu mwema, sina la kumsema. Alipofahamu hali yangu alisema atalipa yeye kila kitu, na kwa kuwa nyumba yao iko karibu na ukumbi wa mazoezi, mtoto akae kwao Jumapili hadi Alkhamisi, kwangu aje Ijumaa na Jumamosi, ndiyo mwisho wa wiki wa huku. "Atakaa na binti yangu kama ndugu," akasema.

Alipoondoka nilimwomba mwanangu msamaha.

"Nimekusamehe, mama. Lakini nataka kwenda."

"Kwa ajili ya timu?"

Akaanza kukusanya vikombe vya kahawa. "Kwao kuna watu, mama."

Ni kweli. Kwetu ukifunga mlango unasikia friji tu likivuma. Nikimkatalia, nitakuwa nimemvunja moyo mara ya pili. Nikimkubalia, nitakuwa nikitoka kazini napika chakula cha mtu mmoja, na nnaogopa kuwa siku moja atazoea kwao, kwangu iwe ndiyo ugenini.

Bi Thuraya anangoja jibu kabla ya Ijumaa. Jana mwanangu kateremsha begi lake kutoka juu ya kabati. Hajatia kitu, kaliacha wazi tu kitandani. Enyi mliolea peke yenu, nipeni ushauri jamani: nimwache aende?