Kofia ya Kamanda

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu cha kukatia katoni, rula na onyo moja. Onyo lilitoka kwa Mkaguzi Mkuu, mama wa Kikantoni asiyependa maneno mengi: "Usifungue katoni unayoonyeshwa. Fungua ile waliyoikalia." Nyinyi vijana mnaokuja Guangzhou leo mnakagua mzigo kwa picha za simu. Sisi tulikwenda wenyewe, na sampuli ya sahihi mkobani, yaani ile bidhaa moja ambayo mnunuzi ameikubali na kuitia sahihi. Kisichofanana nayo hakipandi kontena.

Nilidumu kwenye viwanda vya jinzi vya Xintang mpaka pua ikajua harufu ya rangi isiyokauka. Halafu nikahamishiwa Yide Lu, mtaa wa maduka ya midoli, chini ya Meneja wa Midoli, Mmombasa mwenzangu, mtu wa haraka ajabu. Chai yenyewe aliinywa amesimama.

Mzigo nilioupenda kuliko yote uliagizwa na makumbusho ya mji mdogo wa Serbia. Zilikuwa seti za sanamu sita za plastiki, maisha ya kamanda wao wa waasi aliyepigana na dola ya Sultani wa Uturuki. Karatasi ya maelezo niliisoma mara tatu. Sanamu ya kwanza ni mchunga nguruwe. Ya pili, askari wa Sultani wamechoma kijiji chake, anaingia msituni. Ya tatu anawaapisha wenzake, ya nne yuko handakini, ya tano mkono umefungwa kitambaa na bado anaamrisha. Ya sita ndiyo yenyewe: liwali wa Sultani anamkabidhi ufunguo wa ngome. Kamanda kavaa kofia nyeusi ya manyoya, liwali kilemba cheupe.

Nilifika karakana asubuhi, na kontena lilikuwa lifungwe saa kumi jioni. Laoban, ndiye mwenye karakana, akanionyesha katoni zake safi. Mwenyewe amekalia nyingine, anakunywa chai. Nikamwomba anipishe. Nikaikata, nikatoa sanamu ya sita, nikaiweka kando ya sampuli ya sahihi. Nyuso za watu wale wawili hutoka kwenye kalibu moja, kinachowatofautisha ni kofia tu, na kofia zilikuwa zimebandikwa kinyume. Sasa kamanda ndiye aliyekuwa akimpa liwali ufunguo.

Laoban akatazama, akasema chabuduo, neno la masoko ya hapa, yaani karibu sawa, inatosha. Nikampigia simu Meneja.

"Dada, hizo sanamu ni za ukubwa wa kidole gumba," akasema. "Tia sahihi. Kontena likiondoka tupu, na wewe usirudi ofisini."

"Nikitia sahihi, Bwana Meneja, nimemfanya mtu huyu msaliti mbele ya vitukuu vyake. Sitii."

Nilikata simu. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikinilisha mimi na wanangu, na niliogopa, sifichi. Ndipo nikamwambia laoban, kwa Kichina changu cha sokoni, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu kazini.

"Baba yangu aliingia msituni kupigana na Mwingereza. Alitoka na mguu mbovu na kichwa juu. Mtu angemchonga anamkabidhi Mwingereza bunduki yake, ningemvunjia karakana."

Laoban alimaliza funda la chai. Akaweka kikombe chini, akachukua kiwembe, akaanza kubandua kofia kwa mkono wake. Wafanyakazi wakaacha shughuli nyingine zote wakamfuata, na mie nikashika kazi ya kupaka gundi. Siku hiyo sikukagua katoni chache kama ilivyo desturi, nilikagua sanamu moja moja. Saa kumi kasorobo mlango wa kontena ulifungwa, nikatia sahihi kwa madaha yote niliyokuwa nayo.

Makumbusho walituma picha, watoto wamejipanga, kila mmoja kainua kamanda wake juu. Meneja aliibandika ukutani. Tangu hapo kila mzigo mgumu aliniletea mimi, mpaka nikakikalia kiti cha Mkaguzi Mkuu.

Sasa nimestaafu, nipo Xiaobei, mtaa wetu Waafrika hapa Guangzhou. Sanamu ya sita ya ile sampuli ya sahihi iko kwenye rafu yangu, pembeni ya picha ya baba. Kila mgeni akija namwekea mkononi, hata hajamaliza chai, namwuliza nani kashinda hapa. Hajakosea hata mmoja.