Kiema Alivyokataa Windows Mpya

Kiema alikuwa mtu wa nusu kikombe. Ukimpelekea chai atakwambia, "Nusu tu, Mama Kalunde, inatosha," nami namimina nusu huku nikinung'unika moyoni, maana mwanamume mzima wa Ukambani kunywa nusu kikombe ni kama kwenda harusini ukakaa mlangoni. Nilidhani ni maringo. Kumbe mikono yake ilikuwa inatetemeka, wa kulia zaidi, na kikombe kikijaa chai ingemwagika, nasi tungeona.

Hilo nakuambia mapema ili usihangaike kama nilivyohangaika mimi. Mikono ilitetemeka, naye aliificha. Siku tulipotaka kubadilisha kompyuta, tulikuwa tunataka kumvua nguo hadharani bila kujua.

Alizaliwa upande wa Kathonzweni, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora mabango. Miaka ya themanini, ukitoka Emali kwenda Makindu ulikuwa unapita katikati ya kazi ya Kiema: fahali mwekundu kwenye ukuta wa bucha, birika linalofuka mvuke kwenye hoteli, chui kwenye mlango wa lori. Alichora akiwa juu ya ngazi, bila rula, akiimba nyimbo za kanisani. Halafu ghafla akashuka kwenye ngazi asipande tena. Alisema rangi inamuumiza kifua. Watu wakampa pole ya kifua, naye akaipokea.

Wakati huo mimi na Ndolo tulikuwa na chumba pale Emali, karibu na stesheni. Ndolo alikuwa mpiga picha, mimi nilikuwa napiga taipu. Tukanunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi fulani ya Nairobi, tukamwita Kiema, tukawa watatu. Tulifanya kazi kwa mtindo wa mwethya, kama vile vikundi vyetu vya kulimiana mashamba: jambo kubwa halifanywi mpaka wote waseme ndiyo. Sheria hiyo niliileta mimi mwenyewe.

Kompyuta Kiema aliijua haraka kuliko sisi. Ila mausi hakuigusa. "Panya ni wa ghalani," alisema, akaisukuma nyuma ya printa. Yeye alichora kwa vibonye vya mishale, vile vya kwenda juu, chini, kulia na kushoto. Aliegemeza kifundo cha mkono kwenye ukingo wa meza, akabonyeza, na brashi kwenye kioo ikasogea nukta moja. Akabonyeza tena, nukta nyingine. Ta, ta, ta, siku nzima, mpaka nikatamani kumrushia rimu ya karatasi. Lakini kazi ikitoka, unanyamaza. Majalada ya kaseti za kwaya, kadi za harusi, fahali mwenye nundu ambaye ungeapa anakutazama. Tulimsifu kwa subira. Hatukujua kwamba kibonye hakijali kidole kinachotetemeka, na kwamba bila vile vibonye Kiema hakuwa tena mchoraji.

Mwaka wa tisini na sita Ndolo akarudi kutoka Nairobi na habari za Windows mpya. Hakuwa na mazungumzo mengine. Ukimuuliza habari za mke wake, anakujibu habari za Windows. Nami nilianza kumwelewa, maana wateja walikuwa wanatuletea disketi zilizotengenezwa mjini, na mashine yetu ilikuwa inazikataa kama mtoto anavyokataa dawa. Tukawa tunarudisha watu.

Aliyenikosesha usingizi ni Aftin. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, watu wake walitoka kaskazini mashariki, na kila siku ya soko malori yake yalikuwa Emali. Alitaka kalenda za biashara yake, na juu yake fahali wa Kiema, hakutaka fahali mwingine. Lakini nembo ya kampuni yake ilikuwa kwenye disketi ya Nairobi, na disketi ikakataa kufunguka.

"Mama, mimi nawapenda," Aftin akaniambia. "Lakini soko lijalo likifika hamjaweza, nitapeleka kazi Machakos."

Tukaketi kikao. Ndolo akasema ndiyo. Mimi nikasema ndiyo. Kiema akasema, "Hapana."

"Kwa nini, mzee?" Ndolo akauliza.

"Hii mashine yetu haitaibeba. Itakuwa inajikokota."

Ndolo akasema tutaiongezea nguvu. Siku iliyofuata sababu ikabadilika, ikawa virusi. Siku nyingine ikawa kazi zetu za zamani zitapotea. Nikamletea jibu la hiyo pia, akatikisa kichwa akasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda."

"Na wakati ni ukuta, mzee," Ndolo akamjibu. "Ukipigana nao utaumia."

Kiema akatoka nje. Alikuwa na koti moja la kahawia, na joto lote lile la Emali hakulivua, mkono wa kulia umezama mfukoni.

Siku hizo sikutulia. Nilihamisha karatasi kutoka rafu hii hadi ile, nikazirudisha. Nilisimama mlangoni nikitazama barabara kana kwamba jibu litashuka kwenye lori. Nikiketi, miguu inacheza chini ya meza. Kilichonichoma ni kwamba Kiema hakuwa mtu wa ubishi. Nilimjua. Mtu mpole akianza kubadilisha sababu kila kukicha, ujue ile yenyewe ameikalia.

Tena kulikuwa na maneno ya kanisani. Dada mmoja wa kwaya alikuwa amenivuta kando akaniuliza kama Kiema amerudia kaluvu, ile pombe yetu ya asali, kwa sababu alikuwa ameangusha sahani ya sadaka katikati ya ibada. Nikamwambia aende akaimbe. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki. Nikaanza kumnusa Kiema akipita. Alinukia sabuni ya kipande, basi.

Ndolo ndiye aliyekuja na mpango. Alikuwa na rafiki Makindu mwenye kompyuta ya kisasa, akaiazima kwa siku moja. "Jaribu tu, mzee," akasema. "Ukiichukia nairudisha, na sitataja Windows tena mpaka nife."

Hapo Kiema angekataaje? Akaketi. Na Aftin naye, ilivyo bahati yetu, akaingia wakati huohuo, akasalimia, akasimama nyuma ya kiti aone fahali wake akizaliwa.

Kiema akaegemeza kifundo mezani kama kawaida. Akabonyeza mshale. Brashi haikusogea. Akabonyeza tena, na tena.

"Imekufa," akasema.

"Haijakufa," Ndolo akasema. "Hii inachora kwa mausi." Na kwa ile haraka yake akauchukua mkono wa Kiema akauweka juu ya mausi, kama unavyomshikisha mtoto kalamu.

Mstari ukatoka kama njia ya kuku kwenye unga. Ukaenda juu, ukashuka, ukajirudia. Kiema akajaribu kuusimamisha kwa mkono wa pili, ukazidi. Mausi yenyewe ikawa inagonga meza, tak tak tak, nasi wote tunaisikia. Akaiachia. Akaweka mikono mapajani, na hata pale haikutulia.

"Mzee," Ndolo akasema polepole, "umekunywa?"

Ningekuwa karibu ningemzaba kofi.

"Tangu niokoke sijaonja," Kiema akasema. Hakumtazama mtu. "Na kabla ya kuokoka pia sikuwa mnywaji wa maana. Ni mikono tu. Ilianza nikiwa juu ya ngazi, nachora birika. Daktari alisema haina dawa, labda itazidi. Sasa niambieni, nani atampa kazi ya kuchora mtu anayetetemeka? Na pale kanisani, nani atauliza kabla ya kusema ni kaluvu?"

Mimi niliona aibu kwa niaba yetu sote, halafu nikakasirika, maana kwangu aibu haikai sana kabla haijageuka hasira.

"Basi hatubadilishi," nikasema. "Tutabaki na mashine yetu. Kikao kimekwisha."

"Mkibaki nayo mtafunga duka kwa sababu yangu," Kiema akasema. "Chukueni hii mpya. Mimi nimesema ndiyo. Nitatafuta shughuli nyingine."

"Shughuli gani?"

Akainuka. Akaenda kusimama mlangoni, ametugeuzia mgongo.

Kwa hiyo sasa yeye ndiye aliyekubali na mimi ndiye niliyekataa, na mwethya ni mwethya, hatuwezi kwenda mbele wala nyuma. Ndolo alikuwa amekaa juu ya boksi, kichwa mikononi. Mimi nikikasirika lazima vidole vifanye kitu. Nyumbani huwa nachambua mbaazi. Hapa hakukuwa na mbaazi, nikaketi kwenye ile kompyuta ya watu nikaanza kufungua kila kipicha nilichokiona. Hiki cha saa. Hiki cha rangi. Hiki cha printa. Ndipo nikaona kipicha kidogo cha kiti cha magurudumu, kile wanachokalia watu wasioweza kutembea.

Nikakifungua. Kulikuwa na Kiingereza kingi. Nikamwita Ndolo anisaidie. Akasoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu, halafu akanitazama. Maandishi yalisema ukitaka, unaweza kuvifanya vibonye vya namba, vile vya upande wa kulia, visogeze mshale wa mausi. Juu, chini, kulia, kushoto. Tukaweka alama pale panapotakiwa, tukarudi mahali pa kuchora, nikabonyeza. Brashi ikasogea kidogo. Nikabonyeza tena, ikasogea tena.

"Kiema," nikaita. "Njoo hapa."

Akaja. Nikamwonyesha tulipopitia. Akakitazama kile kipicha kwa muda.

"Hiki ni kiti cha viwete," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi natembea."

"Tunajua unatembea, mzee," Ndolo akasema.

"Basi kwa nini niingilie mlango huo?"

Na kulikuwa na ubaya mwingine, nikaona ni afadhali aujue mapema. "Sikiliza," nikamwambia. "Hivyo vibonye ndivyo ninavyoandikia tarehe na simu za watu. Haviwezi kukaa hivi siku nzima. Kila ukitaka kuchora utafungua hapa mwenyewe, ukimaliza ufunge. Na usinitazame hivyo, sitakufungulia. Nina kazi zangu."

Ningeweza kumfungulia. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Lakini nilimjua Kiema: ningemfungulia leo, na kesho angejificha nyuma yangu kama alivyojificha nyuma ya koti, na siku nisipokuja kazini angekuwa mtu wa kukaa tu akisema kifua kinamuuma. Nilitaka aone kile kiti na akipite. Basi nilikunja uso.

Aftin alikuwa bado amesimama pale nyuma ya kiti. Sasa akasogea.

"Mzee," akasema, "mimi ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe akiletwa sokoni, siulizi amekuja kwa miguu au kwa lori. Namwangalia ng'ombe."

Kiema hakucheka. Alisimama pale mpaka lori moja likapita nje, na jingine. Kisha akavua lile koti. Sikuwahi kumwona bila koti. Mikono yake ilikuwa myembamba kuliko nilivyodhani. Akalitundika kwenye msumari, akaketi, akafunga kila tulichokuwa tumefungua ili aanze mwenyewe. Akaenda kwa mishale, kipicha baada ya kipicha, mpaka kwenye kile kiti cha magurudumu. Akatua hapo. Akapiga Enter.

Halafu ikaanza: ta, ta, ta. Ukatoka mstari mmoja umenyooka, ukapinda, ukapanda. Ilikuwa pembe. Ikafuata paji la uso, kisha jicho. Mimi niliyekuwa natamani kumrushia rimu ya karatasi kwa sababu ya kelele hiyo, nilijifanya natafuta kitu chini ya meza mpaka macho yakakauka.

Nundu ilipotokea, Aftin akasema kwa sauti ya chini, "Huyo ndiye."

"Nimesema ndiyo," Kiema akasema bila kugeuka. "Wewe je, Mama Kalunde?"

"Ndiyo," nikasema.

Ndolo naye akasema ndiyo, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikaenda kuleta chai, maana sikujua nifanye nini kingine. Nikampa Aftin, nikampa Ndolo, nikammiminia Kiema nusu yake. Akakitazama kikombe.

"Jaza," akasema.

Nikajaza mpaka ukingoni. Akakishika kwa mikono yote miwili akakiinua. Chai ikamwagika kwenye vidole, kwenye shati, na nyingine juu ya meza niliyokuwa nimeifuta asubuhi ile. Ndolo alikuwa anaona, Aftin alikuwa anaona, na mama mmoja aliyekuwa ameingia kuulizia kadi za harusi alikuwa anaona. Kiema akanywa yote mpaka mwisho, akaninyooshea kikombe nimwongeze.